Tangawizi Aliyoimwaga Nunu

Mke wangu Nunu alifariki mwezi wa Rajabu uliopita, na tangu hapo watu wanaonipa pole humsifu kwa mkono wake. Husema, "Mji umepoteza mkono." Wanakusudia mkono wa kutengeneza vinywaji. Nawashukuru, lakini moyoni naona hawajasema kitu. Mikono mizuri ipo mingi. Mimi nataka kuandika juu ya siku aliyoiharibu kazi ya mkono wake mwenyewe, kwa sababu katika miaka thelathini na minne niliyoishi naye, siku hiyo ndiyo ninayojivunia zaidi, na wajukuu zetu hawaijui.

Duka lake lilikuwa Kiponda, chumba kimoja chenye friji mbili na meza ya mninga iliyochubuka pembeni. Aliuza ukwaju, bungo, komamanga, sharbati ya waridi, na tangawizi ya chupa, ambayo ndiyo iliyompa jina. Rafu ya juu aliweka vitu vya kununua: soda, na zile chupa ndefu za juisi ya zabibu yenye gesi, isiyo na kilevi, zilizovishwa karatasi ya dhahabu shingoni kama mvinyo wa Wazungu. Hizo zilichukuliwa na vijana wanaofanya harusi hotelini.

Mtu akija kuchagua vinywaji vya shughuli, Nunu hakumuuliza chupa ngapi. Alimuuliza nani mkubwa kuliko wote atakayekuja, wanatoka wapi, watakula nini, wanafika saa ngapi, na kama wamo wawili wasiosemezana. Baada ya hapo ndipo anachagua yeye. Kwenye hitma hakutoa kitu kitamu sana, alisema mfiwa atajihisi yuko sherehe. Wasiosemezana aliwashauri wapewe kahawa, kwa kuwa kikombe chake kidogo, mtu humiminiwa mara tatu, na kila mara lazima ageuze uso upande wa mwenzake kumpisha mwenye dele la kahawa.

Tangawizi yake ilitaka macho. Aliitwanga, akaichemsha na sukari na iliki, akaikamulia ndimu, kisha akaitia kwenye chupa na zabibu kavu mbili kila chupa. Chupa zilikaa kivulini. Zabibu zikipanda juu, gesi imeshaingia, na saa hiyo hiyo chupa huingia kwenye friji. Zikichelewa, kinachoendelea humo ndani si tangawizi tena.

Kwa hiyo mwanamke wa kazi hii, katika mji kama wetu, ana mali moja tu: watu wanywe bila kuuliza. Siku mtu mmoja akisema kinywaji cha fulani kimemzungusha kichwa, mambo yamekwisha. Hapana wa kumtetea. Nunu aliamka na jambo hilo kila siku na kulala nalo.

Jumatatu moja jioni, miaka sita sasa, alikuja Bi Salhiya wa mtaa wa Malindi. Alikuwa mjane wa watu wenye nyumba kubwa, na binti yake Zeyana alikuwa ameposwa.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema Nunu.

"Marahaba. Ijumaa wanakuja kujibiwa. Wanaume kumi, baada ya Alasiri. Nataka zile." Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu.

"Wanatoka wapi?"

"Tumbatu. Msemaji ni ami yake kijana, Maalim Borafya."

"Yule anayesomesha chuo cha Kurani Jongowe?"

"Huyo huyo."

Nunu aliketi kwenye kigoda chake. "Zile hazina kitu ndani ila zabibu na gesi, Bi Salhiya. Lakini Maalim hatosoma karatasi. Atasikia kizibo kinaruka, ataona dhahabu shingoni, ataulizia viatu vyake viko wapi."

"Kwani Watumbatu hawajui kusoma?"

"Wanajua. Ndio maana watakusoma wewe kabla ya chupa."

"Nataka waijue nyumba hii ni ya nani."

"Wameshaijua. Wasingekuja kuposa."

Bi Salhiya alijizuia asicheke, ikamshinda. Akanigeukia mimi niliyekuwa nafuta rafu. "Mkadam, ulimi huu unauweza vipi?"

"Huwa nalala mapema, Bi Salhiya," nilimjibu.

Wakakubaliana tangawizi, kreti mbili. Nunu alisema watu hao watakuwa wametoka kuvuka maji, kisha wameshiba pilau mchana, na tangawizi itawatuliza tumbo. Tena ina povu, kwa hiyo na Bi Salhiya atakuwa na cha kujionyesha. Waliagana wamefurahi.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Kizimbani, kwenye vitalu vya viungo. Jumanne nilirudi na tangawizi mbichi iliyong'olewa asubuhi, ngozi yake bado nyembamba. Nunu aliitengeneza usiku ule. Alfajiri ya Alhamisi zabibu zilipanda zote kama zimeitwa, akaziingiza chupa kwenye friji. Kisha akajitayarisha kwenda Mangapwani, dada yake alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili kazini, akaniachia duka.

"Umeme ukikatika ukazidi saa moja," aliniambia akifunga mtandio, "nenda Malindi kachukue barafu, uzipange chupa ndani ya pipa. Usiniambie friji bado ya baridi."

"Naam."

"Sema ulichosikia."

"Saa moja, barafu, pipa."

Umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Saa nne niliifungua friji, nikatia mkono, bado ya baridi. Saa tano hivyo hivyo. Nikasema moyoni kuta za nyumba zetu nene, na kuifungua mara kwa mara ndiko kutakakoipasha moto, basi nikaiacha. Nikakaa barazani nje ya duka na Matar muuza kahawa na wenzake, tukazungumza mpira mpaka adhuhuri, tukarudi tukazungumza tena. Umeme ulirudi Magharibi. Nunu alirudi Isha amechoka, na mimi sikumwambia kitu. Hili nimekaa nalo miaka sita.

Ijumaa asubuhi alifungua chupa moja, kama alivyofanya kabla ya kila shughuli. Ilitoa sauti ndefu na povu likamfuata mkononi. Akanusa. Akasubiri, akanusa tena. Akanipa.

Nilinusa tangawizi, ndimu, iliki, na chini yake harufu ndogo ya unga wa mkate unaoumuka. Ilikuwa harufu nzuri. Sisemi hivyo kujitetea. Chupa ile ilikuwa inang'aa, gesi yake nyembamba inapanda kama nyuzi.

"Umeme ulikatika jana?" aliuliza.

"Saa tatu mpaka Magharibi."

"Barafu?"

Alinitazama mara moja tu, kisha akainama akavuta kreti.

"Nunu," nilisema, "hiyo ni harufu ya hamira tu. Ikikaa kwenye barafu mpaka Alasiri itatulia. Glasi moja moja, watu kumi. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua. Na mimi nimeshajua. Wawili hao."

Akaanza kuzimwaga kwenye mtaro wa uchochoroni, chupa baada ya chupa. Nikachukua kreti ya pili nikamsaidia. Zilikuwa arubaini na saba, maana moja aliiweka kando. Zabibu zilibaki kwenye wavu wa mtaro kama mbegu. Matar alipita na dele lake, akasimama.

"Bi Nunu, mtaro leo unasherehekea nini?"

"Tangawizi imechachuka ikapita kiasi," alisema Nunu bila kuinua kichwa.

"Ikapita kiasi kufika wapi?"

"Kufika mtaroni."

Matar alicheka akaenda zake, na mimi nikajua habari imeshafika sokoni Darajani.

Ilikuwa karibu saa nne. Friji ya pili nayo ilikuwa imelala moto siku nzima, bungo na ukwaju vyote havikufaa. Nilimwambia nikimbie nikanunue soda. Akasema soda wanakunywa kila siku wakishuka chomboni, si za kuwapa watu siku ya neno kubwa. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Niliporudi baada ya kumwaga maji mtaroni, nikamkuta ameshasimama.

"Mtungi wa mama uko wapi?"

Ulikuwa nyumbani, chini ya ngazi, umejaa vifungo vya mapazia. Tukaupeleka dukani, akausugua kwa maji moto. Akawasha makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akauinamisha mtungi mdomo chini juu ya moshi. Aliufukiza mara tatu, kila mara akiuacha moshi ukae ndani mpaka upoe. Kisha akaujaza maji yaliyochemshwa, akauzungushia gunia lililoloweshwa, akauweka penye upepo wa mlangoni. Hivyo ndivyo walivyokunywa maji wazee wa pande zote mbili, wa mjini na wa Tumbatu, kabla ya friji. Vijana wengi hawajapata kuyaonja.

Baada ya Ijumaa kusaliwa nikausukuma mtungi kwa gari la mkono mpaka Malindi, Nunu akitembea pembeni ameushika shingo. Bi Salhiya alitupokea ukumbini.

"Kreti ziko wapi?"

Nunu akampa ile chupa moja. Bi Salhiya alinusa. "Mbona nzuri."

"Ndio ubaya wake. Imepita. Nimezimwaga."

"Zote?"

"Zote."

"Na humo mna nini?"

"Maji."

Bi Salhiya alikaa kitini. Kwa muda alitutazama sisi na mtungi kwa zamu. "Yaani wakwe zangu niwape maji. Mwanangu aolewe kwa maji."

"Hawaji kunywa, Bi Salhiya. Wanakuja kusikia neno. Wape kitu kisichopigana nalo, kisha kahawa na halua."

"Nunu, nikiaibika leo, ntalitaja duka lako mji mzima."

"Litaje," alisema Nunu. "Ila wakikuuliza sababu, wape ya kweli."

Wageni walifika saa kumi na nusu. Wanaume tulikaa ukumbini, wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mwenyeji alikuwa Abdulwahid, kaka yake Bi Salhiya, mtu mpole ambaye jasho lilikuwa limeshamlowesha kola ya kanzu. Kazi yangu ilikuwa kumimina.

Maalim Borafya alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, vidole virefu. Nilimpa glasi yake kwanza. Akapiga funda moja, akasita. Akaitazama glasi, akamaliza yote, akainyoosha tena.

"Maji haya yamefukizwa," alisema.

"Naam, Maalim."

"Mara ya mwisho nilipoyanywa mama yangu alikuwa hai."

Wenzake wakaona hivyo na wao wakataka tena. Abdulwahid alianza kupumua. Mazungumzo yakaenda vizuri, ya mahari na ya tarehe, na mimi nilikuwa nafikiri tumeshavuka, Maalim aliponigeukia kwa upole kabisa.

"Lakini vijana wangu hawa safari nzima walikuwa wakizungumzia tangawizi ya Bi Nunu. Wakaniambia ndiyo iliyoagizwa. Imekuwaje?"

Abdulwahid alinitazama. Nilikuwa na uongo tayari, niliutengeneza njiani nikisukuma gari. "Tuliona jua kali, Maalim, tukaona maji..."

Nyuma ya pazia Nunu alikohoa. "Sivyo, Mkadam."

Nilimsikia Bi Salhiya akimnong'oneza kwa ukali, na Nunu akisema, "Niache, shoga." Hakupata kumwita Bi Salhiya shoga, kama rafiki wa rika lake, kabla ya siku ile. Kisha sauti yake ikaja wazi, si ya juu.

"Niliitengeneza, Maalim. Jana umeme ulikatika na mimi sikuitazama inavyotakiwa. Ikachachuka ikapita kiasi. Kosa langu. Asubuhi nimeimwaga."

Kijana mmoja wa upande wao akacheka kidogo na kusema, "Kumbe na sisi siku zote hizo..." Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Neno alilokuwa akiliogopa Nunu kila siku lilikuwa limeshaingia ukumbini, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifungulia mlango.

Maalim hakumtazama kijana. "Imebaki yoyote?"

"Chupa moja," alisema Nunu.

"Ilete, ndugu yangu."

Niliipokea paziani. Mkono wa Nunu ulikuwa mkavu na umetulia. Maalim akaifungua, akaisogeza puani, akafumba macho. Akairudisha akanusa tena, kama alivyofanya Nunu. Akaifunga akaiweka sakafuni, mbali na glasi.

"Mimi nisingejua," alisema.

Mtu mmoja akajikohoza.

"Pua yangu imezeeka. Nisingejua. Ningekunywa hapa nikaisifu, kisha nikasimama mbele yenu nikakusalisheni Magharibi." Akawatazama wenyeji. "Mwambieni Bi Nunu nimemsikia."

Akaomba glasi ya tatu ya maji, na wakarudi kwenye tarehe. Walikubaliana harusi iwe mwezi wa mfungo sita.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Kufika Jumapili barazani walikuwa wakiita duka letu "kilabu cha Kiponda". Matar alikuwa akiuliza wapita njia kama wanakwenda kwa Bi Nunu "kuchangamka". Mama mmoja wa Michenzani aliyekuwa ameagiza vinywaji vya hitma alituma salamu kuwa ameghairi. Mwingine alichukua bungo lake, akalinusa mbele ya Nunu, akalirudisha. Nunu alilipokea, akaliweka kwenye friji, akamuuliza hali ya watoto.

Wiki ya tatu nilishindwa. Nilimwambia nakwenda barazani kuwaeleza kuwa kosa ni langu, mimi ndiye niliyeachiwa barafu.

"Huendi," alisema.

"Lakini ndio kweli."

"Wataona nimekuweka mbele unikinge. Duka ni langu, Mkadam. Chupa ikitoka hapa imetoka kwangu, hata ukiwa umeigusa wewe." Akaendelea kukamua ndimu. Kisha akaniambia, bila kunigeukia, "Ila siku nyingine, barafu."

Hilo ndilo pekee alilonilaumu mpaka alipokufa. Na kila Jumanne aliendelea kutengeneza kreti moja ya tangawizi, ijapokuwa nyingine tuliinywa wenyewe, na kila chupa aliyouza aliifungua mbele ya mnunuzi na kumpa anuse. Hakueleza kwa nini. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma ya meza nikimtazama, na nilimuona mrefu.

Ilipita miezi miwili. Ijumaa moja, watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini na uchochoro umejaa kanzu, nikamuona Maalim Borafya anakuja kwa miguu, peke yake, bakora mkononi. Barazani wakamwamkia. Akaitika, akapita, akasimama mlangoni kwetu.

"Hodi."

"Karibu, Maalim. Shikamoo," alisema Nunu, akainuka.

"Marahaba. Harusi ni wiki mbili zijazo, na wanaume watakaa kwetu Jongowe. Nimekuja kuchukua ahadi ya tangawizi. Kreti kumi."

"Kuna barafu Jongowe?"

"Itakuwepo. Ntaisimamia mwenyewe."

"Basi itakuja asubuhi ile ile, na Mkadam atakuja nayo."

Nilisema nitakuja nayo.

Maalim hakuondoka. Aliutazama uchochoro, watu waliosimama wakijifanya wanafunga viatu, kisha akakivuta kigoda cha Nunu mpaka kizingitini, nusu ndani nusu nje, akakaa. "Kiu imenishika," alisema. "Nipe moja."

Nunu alitoa chupa kwenye friji, akaifungua, akamnyooshea anuse kama alivyokuwa akiwafanyia wote. Maalim aliichukua, akaipeleka moja kwa moja mdomoni. Alikunywa taratibu, akipumzika katikati, akiitikia salamu za wanaopita, na kila aliyepita alimuona. Nunu alisimama nyuma yake, mikono ameikunja, uso haumwonyeshi mtu kitu. Mimi nilikuwa nafuta glasi ambayo ilishakauka zamani.

Matar aliinuka barazani. Alikuja na dele na kikombe, bila kuitwa, akasimama mbele ya kigoda.

"Kahawa, Maalim?"

"Weka hapo, Matar," alisema Nunu. "Hajamaliza."